Kiapo cha Msikilizaji: Namna Tulivyojifunza Kukisia Siri za Mchezo wa Kutisha

Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya wakili hapa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchapa maelezo ya watu waliofikwa na mambo: aliyeangukiwa na ukuta wa jirani, aliyeuziwa kiwanja chenye wenyewe, aliyeshuhudia ajali akiwa dirishani. Huenda ndiyo sababu nilivutwa mara moja na The Magnus Archives, mchezo wa sauti wa kutisha ambao karibu kila sehemu yake ni mtu anayesoma maelezo ya mtu mwingine mbele ya kinasa sauti. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Uingereza ya Rusty Quill kuanzia Machi 2016 hadi Machi 2021, sehemu 200 katika misimu 5. Mwandishi wake, Jonathan Sims, ndiye pia sauti ya mhusika mkuu aliyepewa jina hilohilo, mtunza nyaraka mpya wa taasisi ya kubuni jijini London inayokusanya habari za watu waliokutana na mambo yasiyoelezeka. Mwanzoni kila maelezo yanaonekana kusimama peke yake. Ukiendelea, unaanza kusikia jina ulilolisikia kabla, meza uliyokwisha kuelezwa, wapeleka mizigo wawili wanaotokea kila palipo na balaa, na hapo msikilizaji anageuka kuwa mpelelezi, apende asipende.

Mchezo umekwisha zamani, kwa hiyo sitaficha siri zake. Ambaye hajausikiliza, na anataka kuogopa kama sisi tulivyoogopa, aishie hapa.

Mwaka 2018 tulikuwa kikundi kidogo kilichokutana Jumamosi alasiri nyuma ya banda la fundi redio mmoja wa Kaloleni. Alikuwapo fundi mwenyewe, mwalimu wa historia wa sekondari, dada mmoja mfamasia, na kijana mpagazi wa mlimani ambaye alipakua sehemu kadhaa kabla ya kila safari ili apate cha kusikiliza usiku kambini, jambo ambalo mimi sikulielewa kamwe, kwa maana kusikiliza habari za kitu kinachokuita gizani ukiwa ndani ya hema ni kujitafutia. Mwenye bando alipakua, wengine wakarushiwa kwa bluetooth. Mama aliyetuuzia chai na maandazi hakufuata Kiingereza, basi kijana alimsimulia kila sehemu kwa Kiswahili, na Mama akawa mwenzetu kamili katika mabishano.

Kubishana juu ya mchezo wa redio hakukuanza na sisi. Wakubwa wetu walibishana miaka mingi kuhusu Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 kufundisha juu ya UKIMWI na uzazi wa mpango, na bado nakumbuka wanawake wa nyumba yetu wakimhukumu Mkwaju, dereva wa lori, kana kwamba ni shemeji yao. Lakini pale hakuna kilichofichwa. Kila mtu alijua Mkwaju anaelekea wapi; ubishi ulikuwa juu ya tabia yake na nani angepaswa kumwonya. Mchezo wa siri hudai kazi nyingine, yaani kupima ushahidi, na kwa kazi hiyo mazoea ya kuhukumu tabia yanaweza kukupoteza kabisa.

Mfano wake bora umo ndani ya mchezo wenyewe. Mwishoni mwa msimu wa 1 inagundulika maiti ya Gertrude, mtunza nyaraka aliyetangulia, katika mahandaki yaliyo chini ya taasisi, naye ameuawa kwa risasi. Msimu mzima wa 2 Jon, yaani yule mtunza nyaraka mpya, anamtafuta muuaji miongoni mwa wenzake. Anawafuatilia hadi nyumbani, anawachunguza, anawavizia. Martin ndiye anayemtia shaka zaidi, kwa sababu kweli Martin anaficha jambo, na hatimaye linajulikana: alidanganya kuhusu elimu yake alipoomba kazi. Basi. Wakati huohuo Sasha, ambaye kila mtu ofisini anamwamini, si Sasha tena. Kiumbe kimemuua na kuchukua nafasi yake, na kumbukumbu za wenzake zimegeuzwa ili wamwone kuwa ndiye yuleyule siku zote. Sisi wasikilizaji tulijua, kwa kuwa sauti ilibadilika na msanii alikuwa mwingine. Jon aliyaona mashaka katika uso wa mtu mwenye aibu ndogo, akashindwa kuyaona katika utulivu wa jambazi. Nimekaa mahakamani vya kutosha kujua kwamba shahidi anayetetemeka mara nyingi anasema kweli.

Kilichonishangaza ni jinsi kikundi chetu kilivyofanya vilevile. Tulikuwa tumejaa nadharia, na nyingi zilikuwa hukumu za tabia zilizovishwa koti la ushahidi: fulani ana kiburi, kwa hiyo ni msaliti, fulani anapenda chai na mashairi, kwa hiyo hawezi kufa. Halafu kulikuwa na tatizo la masimulizi. Kuna Jumamosi Mama alitoa nadharia nzuri sana kuhusu mlango wa manjano, ule unaotokea mahali pasipo na mlango, akaijenga juu ya jinsi ulivyolia ulipofunguliwa. Mwalimu akakubali, dada mfamasia akaongeza lake, ikawa nyumba ya ghorofa mbili. Fundi, ambaye huwa haharakishi kusema, akauliza:

“Mama, samahani, huo mlio uliusikia wewe?”

“Nilisimuliwa na mwanangu huyu.”

Kijana akajikuna kichwa. Mlio ulikuwa wake. Aliuweka ili simulizi inoge.

Ndipo nilipoleta kitu kutoka ofisini, nacho si kingine ila aya ya uthibitisho. Katika hati ya kiapo, mwapaji haruhusiwi kuchanganya anayoyajua na anayoyadhani. Amri ya 19 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inamtaka ajifunge kwenye mambo anayoweza kuyathibitisha kwa ujuzi wake mwenyewe, na pale anapoeleza analoliamini tu, katika maombi madogo, ataje sababu za kuliamini. Hati nyingi hutupwa kwa sababu ya aya hiyo moja iliyoandikwa ovyo. Nilipendekeza kila mwenye nadharia aiapie kwa utaratibu huo: haya nimeyasikia kwa masikio yangu katika sehemu fulani, haya nimeambiwa, na aliyeniambia ni fulani, haya naamini, na sababu ni hii. Wakili mwerevu angesema kwamba mchezo wa sauti wote ni ushahidi wa kusikia, kwa hiyo haupokeleki. Nilimwomba Mwalimu asiliingize hilo na kwa mara moja alinitii.

Matokeo yalikuwa ya ghafla. Nadharia nyingi zilikufa zikiwa bado midomoni, maana mtu akianza kutenga alichokisikia na anachokitamani anajikuta na kikombe cha chai tu mkononi. Zilizobaki zilikuwa chache na ngumu. Fundi akaongeza sharti lake, ambalo naliona kuwa bora kuliko langu: mwenye nadharia aseme, ikiwa ni kweli, tutasikia nini ambacho bila hiyo tusingekisikia. Alisema mtu akimletea redio na kudai kwamba kilichoungua ni kapasita, yeye huuliza kwanza inatoa mlio gani.

Fundi huyo ndiye aliyenifundisha kusikiliza mchezo wenyewe, siyo hadithi yake tu. Tangu sehemu ya 1 Jon analalamika kwamba baadhi ya maelezo yanakataa kurekodiwa kwa kompyuta, sauti inaharibika, analazimika kutumia kinasa sauti cha kaseti. Wengi tulipita juu ya maneno hayo kama mapambo. Fundi aliyashika. Alidai kwamba hiyo ndiyo njia ya kutenga maelezo ya kweli na ya uongo, kwa kuwa mwandishi hawezi kutaja hitilafu ya mashine mara mbili bila sababu. Na mchezo baadaye ulimpa haki, pale Jon anapokiri kwamba anajua vizuri yapi ni ya kweli, na kwamba ukali wake wa kutoamini ni kinga ya mtu anayehisi anatazamwa.

Siku moja alileta redio kaseti ya zamani, akaiweka juu ya meza ya kazi kati ya koili na vipande vya risasi ya kuchomelea. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile cha kucheza na kile chekundu cha kurekodi. Vilishuka kwa mlio mzito, mota ikaanza kuzunguka. Aliiacha kidogo, akazima, akarudisha nyuma, akatusikilizisha. Kabla ya sauti zetu kulikuwa na mambo mengi ambayo hatukuyasikia yakitokea: msuguano wa mkono wa shati, pumzi ya Fundi aliyeinama juu ya mashine, stuli iliyosogea. “Mtu akibonyeza, yeye ndiye wa kwanza kurekodiwa,” alisema. Kisha akatuchezea mwanzo wa baadhi ya sehemu za msimu wa 3 kutoka kwenye simu, huku akiinua kidole. Tulisikia mbofyo. Baada ya mbofyo hapakuwa na mtu karibu. Wahusika walikuwa mbali, wanazungumza mambo yao, hawajui kwamba wanarekodiwa. Na baadaye wao wenyewe walianza kushangaa vinasa sauti vinavyotokea mahali ambapo hakuna aliyevileta.

Swali la nani anawasha mashine likawa letu kwa miezi. Jibu jepesi lilikuwa Jicho, moja ya nguvu za hofu zilizo nyuma ya balaa zote za mchezo, kwa sababu taasisi yenyewe inatumikia nguvu ya kutazama na kujua. Mwalimu alilitetea kwa ufasaha wake wote. Fundi alikataa kwa sababu moja tu: anayeona kila kitu hana haja ya kaseti. Hakudai kujua ni nani. Alisema tu kwamba kaseti hutengenezwa ili ipelekwe mahali pengine, kwa mtu ambaye hakuwapo. Karibu na mwisho wa msimu wa 5, Annabelle Cane alipoeleza kwamba kaseti zilikuwa za Utando, ile nguvu ya buibui inayopanga na kuvuta nyuzi, na kwamba zilikusudiwa kuwa njia ya kutokea kwenda katika dunia nyingine, nilimpigia simu Fundi usiku. Alikuwa amelala. Sijawahi kukisikiliza tena kitu chochote kilichorekodiwa, hata mahojiano ya redioni, bila kujiuliza mashine ilikuwa wapi na nani aliiweka.

Lakini tulipolumbana zaidi ni kwenye zile nguvu kumi na nne. Kwa muda mrefu mchezo haukuzitaja kwa jumla. Msikilizaji alipaswa kuzipanga mwenyewe, akiweka wadudu na uozo upande huu, urefu na anga tupu upande ule, na ngozi bandia na sarakasi mahali pake. Tulikuwa na daftari. Kisha sehemu ya 111 ikatoka, na mhusika aitwaye Gerard Keay akazitaja zote kwa mpangilio wa Robert Smirke, msanifu majengo ambaye ndani ya mchezo ndiye aliyeziorodhesha: Kuzikwa, Uozo, Giza, Uteketezaji, Mwisho, Jicho, Nyama, Uwindaji, Upweke, Mauaji, Mzunguko, Mgeni, Anga na Utando, kwa tafsiri tulizozikubali pale kwa Fundi. Wengine walifurahi kwamba daftari letu lilikaribiana na orodha hiyo. Mimi nilivutiwa zaidi na tahadhari aliyoitoa Gerard papo hapo, kwamba hofu hizo ni kama rangi, na kwamba mipaka kati yake imewekwa na watu.

Mama ndiye aliyetuonyesha maana ya tahadhari hiyo. Kijana alipomaliza kumsomea orodha, aliuliza mumiani yumo katika ipi.

Nasi wote tumekua na mumiani. Waliozaliwa Tanga au Dar es Salaam walisikia kwamba ni wazimamoto. Wengine walisikia ni daktari, au gari lisilo na taa, linalokamata watu usiku ili watolewe damu ya kutengenezea dawa. Mwalimu alisema ni Nyama, kwa kuwa mwili wa mtu unageuzwa bidhaa. Dada mfamasia akasema ni Mgeni, kwa kuwa anakuja amevaa sare ya mtu unayepaswa kumwamini. Kijana akasema Uwindaji. Kila mmoja alipewa nafasi ya kuapa, na kila mmoja akashindwa katika jambo lilelile, kwamba kinachotisha katika mumiani ni ofisi iliyo nyuma yake. Gari ni la serikali, damu inakwenda mahali rasmi, kuna anayelipwa mshahara, na huna pa kwenda kushtaki. Masimulizi hayo yalienea sana wakati wa ukoloni, na walioyasimulia hawakuwa wajinga. Walijua vizuri kwamba kuna watu wenye sare wanaochukua na hawarudishi. Katika orodha ya Smirke hakuna kisanduku cha hofu hiyo. Smirke wa kweli alikuwa msanifu majengo wa Uingereza, aliyezaliwa 1780 na kufa 1867, ndiye aliyesanifu uso wa Makumbusho ya Uingereza wenye nguzo zake maarufu. Mtu wa namna hiyo akikaa kuorodhesha hofu za wanadamu ataanza na zile zinazoingia katika nyumba yake. Sidhani kwamba waandishi walikosea; nadhani walimchagua kwa makusudi, na ndiyo maana wakamtia Gerard maneno yale kinywani.

Kutafuta habari za Smirke kulimpa Mwalimu ushindi wake pekee, nami sitamnyima. Alisoma kwamba Smirke ndiye aliyekamilisha gereza la Millbank, lililofunguliwa mwaka 1816 kando ya mto Thames. Kwamba kiwanja hicho kilinunuliwa na Jeremy Bentham akikusudia kujenga gereza lake la duara, lenye mlinzi mmoja katikati anayeweza kumwona kila mfungwa bila yeye kuonekana. Kwamba mpango wa Bentham uliachwa. Na kwamba gereza lilibomolewa, na jumba la picha liitwalo leo Tate Britain likafunguliwa hapo mwaka 1897. Akaapa kwamba mahandaki yaliyo chini ya taasisi ni mabaki ya Millbank na kwamba katikati yake tutakuta mnara wa kutazamia. Ulikuwapo. Hadi leo anauita mnara wake.

Dada mfamasia alikuwa na nadharia iliyotugawa. Alishikilia kwamba Elias, mkuu wa taasisi, ndiye Jonah Magnus mwenyewe aliyeianzisha mwaka 1818, anayehama kutoka mwili hadi mwili, na kwamba kinachohamishwa ni damu. Sehemu za mwisho za msimu wa 4, mwaka 2019, zilithibitisha mtu na kukanusha njia: yalikuwa macho. Je, alishinda? Fundi alisema hapana, kwa kuwa sauti aliyoiahidi haikusikika. Mimi, kwa mazoea ya ofisini, nilisema amethibitisha shauri lakini si kila aya ya madai, apewe nusu ya gharama. Akakataa nusu.

Katika sehemu ya 160, iliyofunga msimu huo, ndipo ilipojulikana kwamba Jon alikuwa akiandaliwa muda wote: kila nguvu ilipaswa kumwachia alama, na Elias alikuwa akimsukuma aende akaumizwe. Hakuna nadharia yetu iliyofika hapo. Ila kijana, ambaye mlimani hubeba kisanduku cha huduma ya kwanza, alikuwa na orodha ya majeraha ya Jon katika simu yake: minyoo ya Jane Prentiss, kisu cha vidole vya Michael, mkono ulioungua aliposhikana na Jude Perry, koo lililokwaruzwa na Daisy. Aliiandika kwa huruma tu, hakuwa na hoja yoyote. Tulipoisoma tena usiku huo ilikuwa ni hati nzima ya mashtaka, imekaa mfukoni mwake kwa mwaka na zaidi. Tangu hapo tumekuwa na daftari la pili ambamo hairuhusiwi kuandika dhana. Ndani yake mna mambo yaliyosikika tu, yenye namba ya sehemu na dakika.

Daftari hilo ndilo tunalolitumia sasa kwa The Magnus Protocol, mchezo uliofuata, ulioanza Januari 2024. Humo kompyuta kuukuu za ofisi moja ya serikali husoma maelezo kwa sauti, na sauti mbili kati ya hizo, Norris na Chester, ni za waigizaji wa Martin na Jon. Mama anasema jambo limekwisha, wale ni wao wamenasa ndani ya mashine, na sasa anasikia mwenyewe, hasimuliwi, kwa maana sauti haihitaji Kiingereza. Fundi ameandika katika daftari la pili kwamba sauti zinafanana, akatia namba na dakika, na hataki kuvuka hapo. Waigizaji ni walewale, anasema, na mtu yuleyule anaweza kulipwa kucheza watu wawili. Mama amemuuliza atasikia nini ndipo aamini. Fundi ameomba Jumamosi moja ya kulifikiria.